Jina la Siti: Asili na Maana Yake

Majina ya watu hutajwa kila siku, na kwa kuwa hutajwa kila siku, ni rahisi kusahau ya kwamba nayo ni maneno. Tunamwita mtu Hamisi bila ya kukumbuka Alhamisi, tunamwita mwanamke Subira bila ya kuwaza uvumilivu, na tunawaita pacha Kurwa na Doto bila ya kujiuliza nani alitangulia kuzaliwa. Jina likisha kumshika mtu, maana yake hulala; huamka pale tu mtu anaposimama na kuuliza. Makusudi ya makala haya ni kuuliza juu ya jina moja la kike, ambalo katika pwani ya Waswahili halipatikani katika kila nyumba, lakini historia yake ni ndefu na fundisho lake ni kubwa. Jina lenyewe ni Siti.

Kwanza yafaa kulitenga jina hili na maneno yanayofanana nalo kwa sauti. Siti halitokani na sitiri wala stara, ijapokuwa wapo wanaopenda kulipa maana ya mwanamke mwenye kujisitiri. Maneno hayo yana shina lao katika Kiarabu, nalo ni la kufunika. Wala halina udugu na siti ya gari, ambayo ni neno la Kiingereza lililotufikia juzi tu. Ama uhusiano wake na sita, ile hesabu inayofuata tano, huo una kisa chake, nasi tutaufikia.

Asili ya Siti ni Kiarabu. Katika lugha hiyo liko shina lenye maana ya kuongoza watu na kuwa mkubwa wao. Kutoka katika shina hilo hupatikana sayyid, yaani bwana, na sayyida, yaani bibi. Atakaye kusema bibi yangu husema sayyidati. Neno hili ni refu kwa ulimi wa sokoni na wa jikoni, na ulimi huo haukulivumilia: uliviminya viungo vyake vya kati hata likabaki sitti, na lisipotiwa umilikaji likawa sitt. Neno hili fupi lilienea katika nchi nyingi za Waarabu, na katika Misri hata leo ni neno la kawaida la kumwita mwanamke kwa heshima.

Wanazuoni wa lugha hawakulipokea kwa moyo mmoja. Majduddin al-Firuzabadi, aliyefariki mwaka 1415 katika mji wa Zabid, nchi ya Yemen, ndiye mtungaji wa al-Qamus al-Muhit, kitabu ambacho jina lake ndilo lililotuzalia neno letu kamusi. Katika kitabu hicho alilieleza neno sitti kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kulihusisha na hesabu ya sita, kana kwamba mwenye kumwita mwanamke sitti amemwambia kuwa yeye ndiye pande zake zote sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Njia ya pili ilikuwa kulihesabu kuwa ni kosa la usemi, na kwamba lililo sawa ni sayyidati.

Maelezo ya kwanza ni mazuri kwa moyo, lakini kwa elimu ya maneno ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Sitti ni sayyidati lililokatwa. Lakini hapa pana jambo la kuzingatiwa. Neno ambalo mwanazuoni alilitaja kuwa huenda ni kosa halikufa kwa kutajwa hivyo. Watu waliendelea kuwaita mama zao, bibi zao na wakubwa wao kwa neno hilo, na kwa kuwa wao walikuwa wengi kuliko wanazuoni, kosa likawa lugha. Mwanzo wa jina la Siti, basi, ni hukumu ya watu wa kawaida.

Kutoka kuwa neno la kuitia, sitt likawa sehemu ya majina ya wanawake wakubwa. Katika ukoo wa Fatimiya wa Misri alizaliwa mwaka 970 binti aliyeitwa Sitt al-Mulk, yaani Bibi wa Ufalme. Ndugu yake, khalifa al-Hakim, alipotoweka mwaka 1021, binti huyo alishika mambo ya dola kwa niaba ya mpwa wake mpaka alipokufa mwaka 1023. Katika Damascus aliishi Sitt al-Sham, yaani Bibi wa Sham, dada yake Salahuddin, naye alijenga madrasa na akafariki mwaka 1220. Katika majina haya neno sitt halikusimama peke yake. Lilihitaji kitu cha kutawaliwa: bibi wa ufalme, bibi wa nchi.

Neno hilo lilisafiri pia kwa bahari. Katika nchi za Wamalai na Waindonesia limekuwa Siti, nalo hutangulia majina ya wanawake, kama vile Siti Khadija na Siti Mariamu. Mwaka 1922 Marah Rusli wa Sumatra alitoa riwaya mashuhuri ambayo jina lake ni la msichana, Sitti Nurbaya. Bahari iliyopeleka neno huko ndiyo iliyolileta kwetu, na Waarabu wa Hadhramaut, ambao walihamia pande zote mbili, walikuwa miongoni mwa wachukuzi wake.

Lilipofika katika Kiswahili, neno hili lilipata sura iliyolifaa. Ulimi wa Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu, na kwa hiyo irabu ya mwisho katika Siti yaweza kutazamwa kwa njia mbili: yaweza kuwa ni ile ya Kiarabu yenye maana ya yangu, na yaweza kuwa ni irabu ya kulipa neno makao katika lugha yetu. Kwa njia ya kwanza Siti ni bibi yangu. Kwa njia ya pili ni bibi tu. Kwetu, aidha, liliweza kusimama peke yake. Siti wa Kiswahili hahitaji kuwa bibi wa ufalme wala wa nchi. Ni bibi, basi.

Si ajabu kwamba neno la cheo liligeuka kuwa jina la mtu. Jambo hilo limetokea katika lugha nyingi. Martha, jina tunalolisoma katika Injili, kwa Kiaramu maana yake ni bibi mwenye nyumba. Sara kwa Kiebrania ni binti mfalme. Nasi katika Kiswahili tuna Mwana, neno la heshima kwa mwanamke muungwana katika pwani ya kaskazini. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, alikuwa na neno hilo mbele ya jina lake kama lilivyokuwa mbele ya jina la mtoto wake. Katika utamaduni huo Mwana lilikuwa alama ya nasaba: mtu alizaliwa nalo, akalirithisha.

Hapa ndipo tunapofikia swali la makala haya. Ikiwa jina la heshima ni urithi wa waliozaliwa katika heshima, yule ambaye hakuzaliwa humo atalipata wapi?

Kiasi cha mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Saad, mwenye asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu mwaka 1873, katika ufalme wa Seyyid Barghash, lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria mpaka ilipotoka amri ya mwaka 1897, katika ufalme wa Seyyid Hamoud bin Mohammed, na hata amri hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, tena iliwaacha nje masuria mpaka mwaka 1909. Mtoto Mtumwa alizaliwa baina ya matendo hayo mawili, soko likiwa limefungwa na sheria ikiwa bado wazi.

Jina la Mtumwa lataka haki yake katika elimu ya maneno kama lilivyopata Siti. Kitenzi chake ni tuma, kilichotiwa alama ya kutendwa. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Kutoka katika kitenzi hichohicho tuna mtume, cheo kitukufu kupita vyote wawezavyo kupewa wanadamu. Mtume ametumwa, na mtumwa ametumwa. Yaliyowatenganisha ni nani aliyetuma na kwa kazi gani. Kadhalika yuko anayeweza kusema kwamba Mtumwa ni tafsiri ya Abdi, na kwamba kila mja ni mtumwa wa Mwenyezi Mungu. Maneno hayo ni ya kweli. Tena desturi ya kumpa mtoto jina la unyonge, kama vile Tabu, Shida au Mashaka, ni desturi ya zamani katika nchi yetu, na wazazi wengi walikuwa na sababu zao njema. Walakini, katika Unguja ya miaka ile, neno mtumwa halikuwa neno la ibada tu. Lilikuwa hali ya mtu mbele ya kadhi, bei yake katika kumbukumbu za wazee, na mahali pake pa kukaa katika karamu. Aliyeitwa Mtumwa hakuweza kutajwa bila ya jirani kukumbushwa mambo hayo yote.

Mtumwa binti Saad alikuwa mfinyanzi kama mama yake. Alifinyanga vyungu, akavichukua kwa miguu kwenda kuviuza mjini. Mwaka 1911 alihamia mjini kabisa. Huko alikutana na Ali Muhsin, ambaye alimfundisha uimbaji, akaingia katika kundi la wanamuziki. Mjini humo ndimo jina lake la pili lilimoenea. Jina hilo hakurithi kwa mama yake, wala halikuandikwa katika cheti. Alilipata kwa watu, akiwa mtu mzima, nalo lilikuwa Siti.

Tumeona ya kwamba Siti ni tawi la sayyid. Watawala wa Unguja, kwa upande wao, walitumia cheo cha Seyyid, na binti zao waliitwa Sayyida. Binti mmoja wa Seyyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alilichukua neno hilo kwa kuzaliwa tu, hali mama yake alikuwa suria aliyetoka Cherkesi. Basi katika mji mmoja mtawala aliitwa Seyyid, binti zake wakaitwa Sayyida, na mwanamke aliyekuja na vyungu kichwani akaitwa Siti. Watu hao walitengwa na mali, na nasaba, na kuta za jumba. Katika neno walikutana.

Ama jina la baba, Saad, lisichanganywe na Seyyid kwa kukaribiana kwa sauti. Shina lake ni jingine, nalo maana yake ni bahati njema. Siti hakuliacha. Watu wengi waliotoka katika utumwa, au waliozaliwa na waliokuwa katika utumwa, walitafuta nasaba mpya, na hapana wa kuwalaumu. Yeye alibaki binti Saad, kwa jina la mtu wa shamba ambaye hakuwa na ukoo wa kujivunia mbele ya wenye koo. Aliupokea ubibi bila ya kumkana baba.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tumtazame mtu mwingine aliyejaribu kubadili jina. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia mashuhuri, alizaliwa mwaka 1179 katika asili ya Kirumi, akatekwa angali mtoto na kununuliwa na mfanya biashara wa Baghdad. Katika nchi za Waarabu ilikuwa desturi kuwapa watumwa majina ya vito na manukato, kama Kafuri, Ambari na Lulu. Yeye akaitwa Yaqut, yaani yakuti. Aliachwa huru, akasafiri, akasoma, akaandika kamusi kubwa ya nchi na miji, ambamo amekitaja kisiwa cha Unguja kwa jina la Lanjuya, na Tumbatu pia. Ibn Khallikan, aliyeandika habari za watu mashuhuri, anatueleza kuwa Yaqut alipopata sifa alijiita Yakubu. Ni badiliko dogo la sauti, na ni badiliko kubwa la maana: kutoka jina la kito kinachomilikiwa mpaka jina la nabii. Lakini ulimwengu haukulikubali. Alifariki mwaka 1229, na mpaka leo kila msomi humwita Yaqut.

Kwa nini jina la Yakubu halikumshika mwanazuoni yule, na jina la Siti likamshika mfinyanzi wa Fumba? Yakubu lilikuwa jina alilojipa mwenyewe. Mtu aweza kujinunulia nguo, aweza kujijengea nyumba, lakini jina hukaa katika vinywa vya wengine, na vinywa hivyo visipokubali, mwenye jina hana la kufanya. Siti lilikaa kwa sababu mji ulilikubali, na mji ulilikubali kwa sababu ya kazi yake.

Kazi hiyo yajulikana. Taarabu ilikuwa imeingia katika jumba la Seyyid Barghash kutoka Misri, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, na wakaimba mambo ya mitaani: mapenzi, dhuluma, hukumu za mahakama, wanawake waliotendwa vibaya. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kunasa nyimbo katika sahani za santuri, akiwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kufanya hivyo, na sauti yake ikasikika mahali ambapo miguu yake haikufika. Aliimba mbele ya wakubwa, na akaimba katika nyumba za watu wa Ng'ambo. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao ulitolewa mwaka 1958. Na katika anwani ya kitabu hicho hakuna Mtumwa, kuna Siti binti Saad.

Sheria ya mwaka 1897 ilikuwa njema, lakini mipaka yake ilikuwa wazi. Sheria yaweza kumwambia mtu kwamba tangu leo yeye si mtumwa. Haiwezi kumwambia jirani yake kwamba tangu leo amwite bibi. Kitendo cha kwanza ni cha karatasi, na cha pili ni cha moyo. Kwa miaka mingi baada ya amri ile walikuwapo watu ambao karatasi iliwaacha huru na ulimi ukawafunga. Siti alifunguliwa na ulimi, tena ulimi wa watu walewale waliokuwa wakijua alikotoka.

Huenda msomaji akapinga hapa na kusema: je, heshima haiwezi kupatikana mpaka jina la unyonge liondoke? Pingamizi hili ni la haki, na jawabu lake limo katika historia ya Unguja yenyewe. Fatuma binti Baraka, mwimbaji aliyefariki mwaka 2013 katika uzee mkubwa, ambaye nyimbo za Siti zilikuwa sehemu ya hazina yake, alijulikana dunia nzima kwa jina la Bi Kidude, yaani kitu kidogo. Hakulitupa. Alilibeba katika majukwaa ya nchi nyingi mpaka udogo wa jina ukawa fahari. Hizi ni njia mbili za safari moja. Mmoja alipewa neno kubwa, akalijaza. Mwingine alipewa neno dogo, akalikuza. Na katika njia zote mbili aliyeamua maana ya mwisho hakuwa mtunga kamusi. Kwa hiyo wapo hata leo wanaoitwa Mtumwa, nao hawana haja ya kuona haya. Neno hilo limetoka mahakamani na kurudi katika ibada na mapenzi ya wazazi.

Jina la Siti nalo halikukoma kutembea. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoundwa mwaka 1987 na baadaye kuanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti. Mwenye kusoma jina hilo humsikia mwimbaji wa Fumba, na tena husikia neno la kale la Kiarabu lenye maana ya bibi, yaani mwanamke yeyote anayestahili kusikilizwa. Neno lilianza kuwa la kuitia wanawake wote, likawa jina la mabinti wa wafalme, likawa jina la mwanamke mmoja, na kwa ajili ya mwanamke huyo likarudi kuwa la wanawake wote.

Basi mzazi anayemwita bintiye Siti leo anampa maana mbili. Ya kwanza imo katika kamusi, na mtoto huipata siku ya kupewa jina. Ya pili iliongezwa Unguja na binti Saad, nayo yasema kwamba ubibi waweza kupatikana kwa kazi na kuthibitishwa na majirani. Hiyo ya pili mtoto hawezi kupewa na mtu; itamngoja mpaka akue.